Vali Inayofunguka Upande wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini Kitale nilipewa chuma na kunyimwa maelezo. Chuma chenyewe kilikuwa ufunguo wa vali: nondo nene yenye urefu wa kunifika kifuani, juu ina mkono wa kushikia kwa mikono miwili, chini ina tundu la mraba. Aliyenipa alikuwa Inspekta wa Maji wa mji, bwana aliyevaa tai hata akiingia mtaroni.

"Wewe ndiye Wanjala? Beba hiyo kitu ufuate Mzee Kimtai. Akisema geuza, geuza. Akisema nyamaza, nyamaza. Na usilete mchezo hapa."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata kutoka ofisini. Mengine nilifundishwa na Mzee Kimtai, mtu wa Mlima Elgon aliyekuwa mrefu, mkavu wa maneno, mwenye ovaroli yenye viraka magotini. Naandika haya kwa vijana wanaofungua bomba jikoni na kudhani maji huja yenyewe. Nawaambia mapema kwamba siandiki kwa furaha. Nimekasirika tangu nianze ukurasa huu, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Vali ni mlango ulio ndani ya bomba. Bomba kuu hupita chini ya barabara, na kila linapogawanyika kuna mlango wa chuma uliofichwa ndani ya kishimo chenye mfuniko. Unafungua mfuniko, unashusha ufunguo mpaka ushike kichwa cha vali, kisha unazungusha. Maji ya mji hayakuwahi kuwatosha watu wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo tuliyagawa kwa zamu: asubuhi upande wa hospitali na soko, mchana mitaa ya juu, jioni mitaa ya chini. Kila zamu ilimaanisha mtu atembee mji mzima na ufunguo begani. Mtu huyo aliitwa mtu wa vali, na kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mtu wa vali anajua mji kuliko padri. Nilijua nani ana harusi Jumamosi, kwa sababu mama ya bibi harusi alinifuata Alhamisi akiniomba nisifunge mapema. Nilijua nani amefiwa kabla redio haijatangaza, maana wenye matanga hutafuta maji kwanza, turubai baadaye. Sikukosa chai popote. Wala sikukosa matusi. Mabomba yakikauka siku mbili, hata mtoto wa chekechea alijua jina langu na jina la mama yangu.

Mzee Kimtai alinifundisha kusikiliza. Unaweka ncha ya nondo juu ya bomba na sikio juu ya ncha nyingine. Bomba zima linavuma polepole, lililopasuka linapiga mluzi. Alinifundisha pia kuhesabu mizunguko, kwa sababu vali haina mshale wa kukuonyesha ulipofika. Ukipoteza hesabu unaanza upya, na wakati huo mtaa mzima unakungoja na ndoo.

Mwezi wa tatu alinipeleka sehemu ya zamani ya mji, karibu na soko dogo la washonaji, akaniambia nifungue vali. Nikageuza kushoto, kama tunavyofungua vali zote. Akanipiga kofi mkononi.

"Hii inafunguka kulia," alisema.

Alinieleza mara moja tu. Walowezi waliochimba mabomba ya kwanza walileta vali za namna nyingine. Zetu zote hufungwa kwa kugeuza kulia na kufunguliwa kwa kushoto. Zile za zamani ni kinyume. Ukiziangalia kwa nje hazina tofauti yoyote. Zilikuwa kumi na moja, na ile ya soko la washonaji ndiyo iliyolisha bomba la zimamoto la soko lote.

"Mzee, imeandikwa mahali?" nilimuuliza.

Alicheka mpaka akakohoa. "Andika, kesho wakufute. Kazi yetu iko kwa kichwa. Wakijua kila kitu, wewe watakuwekea nini?"

Nilimwamini. Huo ulikuwa ugonjwa wa kazi nyingi za wakati wetu. Fundi wa stima alificha njia za nyaya, karani wa masijala alificha mahali pa mafaili, kila mmoja akikalia alichojua kama kuku anavyokalia mayai. Tuliita hiyo ujuzi. Ilikuwa woga, na wakubwa waliuzaa kwa kutufuta kazi ovyo.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Mhandisi wa Wilaya alikuwa mama mfupi mwenye gambuti na mwavuli mweusi, na mara ya kwanza tulipokutana aliniuliza ramani ya vali iko wapi. Mtu wa vali niliyempokea alikuwa amenitembeza wiki nzima, kwa hiyo nilijigonga kichwani kwa kidole, nikijiona hodari.

"Hicho kichwa chako kinalala wapi?" aliuliza.

"Nyumbani, mama."

"Na ukigongwa na baiskeli ya boda ukienda huko nyumbani, Bungoma itakunywa nini?"

Alinipa kadi tupu na kamba ya kupimia. Kila vali ilipata kadi yake. Unachagua vitu viwili visivyohama, unapima kutoka kila kimoja, na pale vipimo vinapokutana ndipo vali ilipo: mita kumi na mbili kutoka kona ya duka la vipuri la Bwana Singh, mita nane kutoka ngazi ya posta. Chini yake unaandika mizunguko mingapi, na upande gani wa kufungua. Nililalamika kila siku. Yeye alitembea nami, mwavuli umefunguliwa, na kila nilipopima kwa hatua za miguu alinirudisha nipime kwa kamba.

Siku moja nilikuwa Matulo kwenye mazishi ya shemeji yangu. Bomba kubwa likapasuka karibu na reli, mvua ikiwa imezika mifuniko yote chini ya matope. Mwenzangu, ambaye hakuwahi kuigusa vali ya bomba hilo, alichukua kadi, akapima, akachimba, akafunga. Niliporudi Jumatatu nilikuta maji yanatoka na watu wanauza nyanya zao kama kawaida. Ningefurahi ningekuwa mtu mzuri. Badala yake niliona wivu. Mji ulikuwa umepata shida na kuimaliza bila mimi, na jambo hilo liliniuma kuliko lile kofi la Mzee Kimtai. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Nilirudi Kitale nikiwa Fundi Mkuu. Mzee Kimtai alikuwa amekufa, na aliyejua zile vali kumi na moja sasa alikuwa mimi peke yangu. Serikali za kaunti zilikuja, ofisi ikapakwa rangi, tukapewa jina jipya ambalo sitalitaja. Tukapata Meneja wa Ufundi aliyesoma sana na kusikiliza kidogo. Alitembea na tableti kama padri na kitabu cha sala.

Tukampata pia Nasimiyu. Alikuwa fundi mwenye diploma, mama wa watoto wawili, mwanamke wa kwanza kubeba ule ufunguo Kitale. Alishika kazi haraka na aliuliza maswali mpaka ukatamani kukimbia. Nilimpenda kama binti yangu. Nikamwambia habari ya kadi za Bungoma, naye akaninunulia kaunta buku mbili, akasema, "Mzee, hapa hakuna kadi, lakini tuandike. Wewe sema, mimi napima." Mwaka wangu wa mwisho tuliutumia hivyo, tukianzia mitaa mipya. Sehemu ya zamani tuliiacha mwishoni.

Kabla hatujaifikia, mkandarasi alikuja kutandika kabro pale soko la washonaji. Niliwaona wakipanga matofali kuelekea kwenye mfuniko wa vali yangu. Nilimwambia msimamizi wao ainue mfuniko ulingane na kabro. Akasema mchoro wake hauna mfuniko. Basi nikaketi juu yake. Sina aibu kusema hivyo. Mzee mzima, mwenye wajukuu, nikaketi chini na ovaroli yangu katikati ya soko, na akina mama washonaji wakatoka vibandani kuniangalia. Mama Rael, aliyenishonea ovaroli zangu zote tangu ujana, aliniletea kiti.

"Kaa vizuri basi, Mzee wa Maji. Kama ni mgomo, usiumize mgongo."

Meneja wa Ufundi aliletwa kwa gari. Hakunisalimia.

"Mzee Wanjala, acha vituko. Unatuaibisha mbele ya mkandarasi."

"Bwana Meneja, hapa chini ndipo ilipo vali ya bomba la zimamoto. Wakifunika, siku moto ukiwaka mtaitafuta kwa jembe."

"Kila kitu kitaingia kwa sistemu. Bado miezi mitatu ustaafu, si ndiyo? Enda nyumbani pole pole."

Watu walicheka. Si Mama Rael, lakini walicheka. Niliinuka, nikajipangusa vumbi, na siku ya pili mfuniko haukuwepo tena. Kulikuwa na kabro nyekundu, safi, zimepangwa vizuri sana.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Tulipoandika sehemu ya zamani mimi na Nasimiyu, nilimpa vipimo vyote sawasawa, hata cha ile iliyofunikwa. Nilimpa na mizunguko. Upande wa kufungua sikumpa. Tulipofika kwenye mstari huo niliandika alama ile ile ya vali za kawaida, kumi na moja zote, kwa mkono wangu. Zilikuwa wazi zote wakati huo, hakukuwa na sababu ya kuzigeuza, kwa hiyo hakuweza kugundua. Nikasema moyoni: watanitafuta. Siku moja watakwama, gari la ofisi litakuja nyumbani kwangu Naitiri, na Meneja atavua viatu mlangoni kwangu.

Nasimiyu alifunga buku akanitazama. "Mzee, ni hayo tu? Hakuna kitu umebaki nayo?"

"Soma kitabu," nilimjibu.

Nilistaafu. Walinipa keki, blanketi na hotuba. Nilimkabidhi Meneja zile buku mbili mbele ya watu, naye akaziweka chini ya kiti chake, zikabaki hapo alipoondoka. Nasimiyu ndiye aliyeziokota.

Moto uliwaka mwezi wa kwanza, mchana, wiki ya kufungua shule. Vibanda vya washonaji vilijaa sare za wanafunzi mpaka darini. Mimi nilikuwa nyumbani Naitiri, nageuza mahindi juani juu ya turubai, simu ikalia. Nilisikia kelele kabla ya sauti.

"Mzee, ni Nasimiyu! Soko inaungua! Gari ya zimamoto imemaliza maji. Tumetoboa kabro, vali tumeipata, si ni pale pale tulipima. Lakini nageuza na maji haitoki!"

"Umegeuza upande gani?"

"Kushoto, kama kawaida! Mizunguko yote nimefanya, na sasa imekaza, nimeita watu wawili wanisaidie kusukuma—"

"Nasimiyu, acha! Hiyo inafunguka kulia! Umeifunga! Rudisha kulia!"

Nikasikia chuma kikilia, na mtu akipiga kelele, "Imekatika!"

Shina la vali lilikuwa limevunjika. Ndilo linaloinua ule mlango wa ndani, na likivunjika mlango umefungwa, utabaki umefungwa mpaka uchimbe bomba zima. Vali ilikuwa wazi walipoifikia, ingawa wao walidhani wenye kabro waliifunga. Maji yalikuwa tayari, yakingoja tu wafungue bomba la zimamoto lenyewe hatua chache mbele, nao wakayafunga kwa kufuata alama niliyoiandika mimi.

"Mzee," alisema Nasimiyu, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ulijua?"

Alikata simu.

Hakuna aliyekufa. Watu hupenda kuniambia hivyo, kana kwamba ni pole. Safu nzima ya vibanda iliteketea. Mama Rael alirudi ndani kutoa cherehani yake, naye akaitoa, lakini mkono wake wa kulia uliungua. Vidole viwili havikunjiki tena, na vidole hivyo ndivyo anavyoongozea kitambaa.

Ofisi ilitoa taarifa ya "hitilafu ya kiufundi". Baada ya wiki mbili hitilafu hiyo ikapata jina: Nasimiyu. Alisimamishwa kazi kwa kuvunja mali ya kampuni na kuzuia maji wakati wa moto. Nilipoipata habari hiyo niliona giza. Yule Meneja aliyefunika vali kwa kabro alikuwa bado anaenda ofisini na tableti yake. Mkandarasi alikuwa anatandika soko lingine. Mimi niliyeandika uongo nilikuwa nakunywa maziwa Naitiri. Na mama wa watoto wawili, aliyefuata kitabu herufi kwa herufi, ndiye aliyekaa nyumbani. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Nilienda kwanza kwa Mama Rael. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, mkono umefungwa bandeji. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Nilimweleza habari ya vali, kofi la Mzee Kimtai, aibu ya siku ile ya kabro, na alama niliyoiandika makusudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo ukweli yako nifanye nayo nini, Mzee? Itanishonea?"

Nilitaka kusema pole. Badala yake niliondoka.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku ya Jumanne. Sikualikwa, nikaingia. Nasimiyu alikuwa ameketi upande mmoja wa meza, peke yake, mikono magotini. Niliwaambia kosa ni langu. Niliwaonyesha kwenye buku ni mstari gani, mwandiko wa nani, na kwa nini niliandika hivyo. Sikupunguza neno. Nilitarajia Meneja wa Ufundi akasirike, na ningemheshimu kama angekasirika. Alitabasamu. Alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi.

"Basi mzee amekiri. Karani, andika: kosa la mtumishi aliyestaafu. Nasimiyu arudi kazini. Tumemaliza."

"Hatujamaliza," nilisema. "Andika na kabro. Wamechimba kwa mtaimbo huku soko linaungua. Andika kwamba niliketi pale, na wewe ndiye uliyeniinua."

"Hiyo haiko kwa ajenda, Mzee."

"Iweke!"

"Mzee, umesema mwenyewe ulidanganya. Nani atakuamini hiyo ingine?"

Hapo alinipata. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeuficha mpaka hata ukweli wangu ukakosa thamani. Uongo wangu mmoja uliwafaa wakubwa kuliko kazi yangu yote ya miaka. Waliufunika juu ya makosa yao kama walivyofunika vali, wakasawazisha, wakaenda kula chakula cha mchana. Nilipiga meza ile mpaka askari wa mlangoni akaja kunishika mkono. Sijutii kupiga meza. Ninajuta kwamba sikuipiga nikiwa na mikono safi.

Vijana, mnaosoma haya mkiwa katika kazi zenu, msidhani nawafundisha upole. Wakubwa wenu wakifunika vali, piganeni nao. Keti juu ya mfuniko. Andika barua, ita majirani, ita redio. Lakini usimwadhibu mkubwa kwa kumnyima mwenzako anachohitaji kujua, kwa sababu mkubwa hatakuwepo pale siku ya moto. Atakayekuwepo ni mwenzako, na Mama Rael.

Nasimiyu alikuja Naitiri mwezi uliofuata. Hakuingia ndani. Mke wangu alimletea chai nje, naye Nasimiyu akashukuru kwa heshima, akainywa akiwa amesimama kando ya pikipiki ya ofisi.

"Nimekuja tuzunguke zile kumi zilizobaki," alisema. "Wanjala, utakuja ama hutakuja?"

Wanjala. Si Mzee, si Baba. Kwetu mtu wa umri wake hamwiti mtu wa umri wangu hivyo. Mke wangu aliinama kuokota kikombe asinitazame. Nilichukua koti langu nikapanda nyuma ya pikipiki.

Tulizunguka sehemu ya zamani siku tatu. Kwenye kila vali nilimwambia, "Hii inafunguka kulia," naye aliandika kwa wino mwekundu. Baada ya kuandika hakuondoka. Alishusha ufunguo mwenyewe, akageuza kulia polepole mpaka ukagoma, kuthibitisha kwamba iko wazi. Kisha akageuza kushoto mizunguko yote, akiihesabu kwa sauti. Akaenda kwenye bomba la nyumba ya karibu kuhakikisha maji yamekatika, akarudi akaifungua, akaenda tena kuhakikisha yametoka. Mimi nilisimama juani nikimngoja. Vali zote kumi alifanya hivyo, na kwenye hata moja hakulichukua neno langu.